Mtambo wa redio ukipoteza nguvu, nani atajua? Maelezo kuhusu king'ora cha mtambo

Vikundi vingi vya Kitui na Makueni vinaijua redio kwa upande mmoja tu, yaani upande wa kusikiliza. Mnaiwasha, mnapata habari za mvua, bei ya ndengu na mbaazi, matangazo ya mazishi na siku ya baraza la chifu, halafu mnaizima ili betri isiishe. Lakini kuna vikundi ambavyo vina sehemu katika kituo chenyewe, au wanachama wao wameketi katika kamati ya kituo. Na kamati ya kituo, ndugu wasomaji, ni kama kamati ya kisima. Siku maji yakikatika hakuna anayemtafuta fundi, wote wanakuja kwa mwenyekiti.

Jambo hili si geni kwetu Ukambani. Huko Nthongoni, upande wa Kibwezi katika Makueni, vikundi zaidi ya 30 vya akina mama viliungana, na mwaka 2004 Redio Mang'elete ikaanza kurusha matangazo. Kenya ilikuwa imejaribu mapema zaidi, huko Homa Bay, ambako kituo cha jamii kilifunguliwa mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO. Kile kilifungwa na serikali mwaka 1984. Kwa hivyo akina mama wa Makueni kuwa na redio yao si jambo dogo, na kuilinda si kazi ya fundi peke yake.

Katika makala haya tutaeleza kitu kimoja tu: jinsi ya kuweka king'ora kinachowaambia kwamba nguvu ya mtambo wa kurushia matangazo imeshuka. Hatutaki kuwafanya mafundi. Tunataka mjue la kumwuliza fundi, kwani nyinyi ndio mnamlipa.

Mtambo ukifa kabisa, kila mtu atajua kabla chai haijachemka. Ubaya ni ule wa kudhoofika. Mtangazaji yuko studio anaongea, redio ndogo iliyo mezani inasikika vizuri, mwenye duka jirani anasikia vizuri, kumbe mtambo uliopangwa kwenda kwa wati 200 unatoa wati 50. Wale walio karibu na mlingoti ndio wa mwisho kujua. Walio mbali, ng'ambo ya mto Athi au nyuma ya kilima, wanapata kelele ya shshsh, wanageuza kisu cha redio kidogo, hawapati kitu, wanasema, "Hawa watu wamefunga." Hawapigi simu. Wanahamia kituo kingine na hapo ndipo mmewapoteza.

Na kuna msimu ambao hasara hii ni kubwa zaidi. Kwetu mvua tunayoitegemea sana ni ile ya Oktoba hadi Desemba, kuliko ile ya Machi hadi Mei. Mkulima anayengoja kusikia kama apande sasa au angoje, au kikundi kinachongoja kuambiwa siku ya kugawa mbegu, hakiwezi kungoja kamati igundue tatizo baada ya wiki mbili. Siku tatu za kukosa habari mwanzo wa Novemba si sawa na siku tatu za Agosti.

Sasa tuangalie hesabu kidogo. Mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga wa tochi. Hayapindi sana kufuata mabonde. Antena iliyo juu mita 30 kwenye nchi tambarare huona kilomita 22 hivi, halafu dunia yenyewe inajikunja na kuficha. Antena iliyo juu ya kilima kinachopita tambarare kwa mita 300 huona kilomita 70 hivi. Ndiyo sababu mlingoti hupelekwa kilimani, na ndiyo sababu milima ya Mbooni au ukuta wa Yatta unaweza kuwakatia watu matangazo hata mtambo ukiwa mzima. Hilo king'ora hakiwezi kutibu. Lakini mahali ambapo antena inaona, nguvu ndiyo inayoamua. Kwenye uwanda wazi, nguvu ikishuka hadi robo, umbali wa kusikika vizuri unashuka hadi nusu. Nguvu ikishuka hadi nusu, umbali unabaki kama sehemu saba za kumi, na ukihesabu eneo lote la mviringo, mmepoteza nusu ya nchi mliyokuwa mnaifikia. Nusu ya nchi, na studio hakuna aliyesikia tofauti!

Mtambo wa kawaida una mita inayoonyesha namba mbili, na zote mbili ni muhimu. Ya kwanza ni nguvu inayokwenda, yaani ile inayotoka kwenye mtambo kuelekea antena. Ya pili ni nguvu inayorudi. Fikiria pampu inayosukuma maji kwenye mpira. Mwisho wa mpira ukiwa wazi maji yanatoka yote. Mtu akiukanyaga katikati, maji yanasukuma kurudi kwenye pampu na pampu inaumia. Antena nzima hupokea karibu nguvu yote na kuitupa hewani. Antena iliyovunjika, au waya wake ulioingia maji, hurudisha nguvu kwenye mtambo, na nguvu hiyo inageuka kuwa joto mahali pasipotakiwa. Fundi wengine watawasomea namba inayoitwa SWR badala ya wati zinazorudi. Msitishike. SWR ya 1.5 ina maana asilimia 4 inarudi, ya 2 ni asilimia 11, ya 3 ni robo nzima.

Mitambo mingi ya siku hizi ina akili ya kujilinda. Ikiona nguvu nyingi inarudi, inajipunguza yenyewe ili isiungue. Hiyo ni nzuri kwa mtambo lakini ndiyo hasa inayoleta ule udhaifu wa kimyakimya tuliosema. Mtambo unaendelea kufanya kazi, taa zinawaka, feni inazunguka, na watu wa mbali hawasikii.

Ukizisoma namba mbili pamoja, zinakueleza ugonjwa uko wapi. Inayokwenda imeshuka na inayorudi imepanda: tafuta tatizo nje, kwenye antena, kwenye waya mnene unaopanda mlingotini, au kwenye viungo vyake. Kwetu hapa sababu ni maji ya mvua kuingia kwenye kiungo ambacho hakikufungwa vizuri, radi, panya kutafuna waya, na mara nyingine mtu tu aliyekata waya akidhani ni shaba ya kuuza. Inayokwenda imeshuka na inayorudi iko chini kama kawaida: tatizo liko ndani ya nyumba. Labda stima imekuwa hafifu (laini ndefu za vijijini hazikosi siku ambayo volti 240 zinakuwa 180), labda kifaa cha ndani kimechoka, au labda vumbi limeziba kichungi cha feni na mtambo unajipunguza kwa sababu ya joto. Vumbi la Kibwezi mnalijua. Namba zote mbili zikiwa sifuri, anza na stima na fyuzi kabla ya kumwita mtu kutoka Nairobi kwa gharama ya nauli na chakula.

King'ora chenyewe ni kitu rahisi kuliko mnavyodhani. Kwenye mitambo mingi, nyuma kuna tundu linalotoa volti kidogo zinazopanda na kushuka pamoja na nguvu. Fundi anaunganisha hapo kifaa kinacholinganisha volti hizo na kiwango mlichokiweka. Zikipita kiwango, swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, ambayo mafundi huiita rilei, inafunga au kufungua, na hapo taa nyekundu inawaka, king'ora kinalia, au kisanduku chenye laini ya simu kinatuma ujumbe mfupi. Mitambo mipya zaidi ina viwango hivyo ndani yake tayari, na mnavipanga kwa vibonye. Kazi ya kufikiri ni ileile.

Kazi hiyo ni kuchagua viwango, na hapa ndipo tunaona vikundi vinadharau. Fundi akiulizwa tu "weka king'ora," ataweka anavyojua yeye. Tuseme mtambo wenu umepangwa wati 200. Tungependekeza viwango viwili kwa nguvu inayokwenda. Cha kwanza ni cha onyo, wati 160, yaani asilimia 80. Hapo hakuna msikilizaji atakayelalamika, lakini kuna kitu kimeanza, na fundi aje siku ya kazi. Cha pili ni cha hatari, wati 100. Hapo nusu ya eneo imekwenda na mtu aamshwe usiku. Kwa nguvu inayorudi, kama kawaida yenu ni wati 2 au 3, onyo liwe kwenye wati 8, ambayo ni asilimia 4, na hatari kwenye wati 20.

Kuna kiwango cha tatu ambacho watu husahau, cha juu. Mtambo ukipanda hadi wati 215 bila mtu kuugusa, si baraka. Leseni yenu imeandikwa kiwango cha nguvu, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo kabla ya 2014 ilijulikana kama CCK, ina haki ya kuja kupima. Tena mtambo unaosukumwa kupita kiasi unaishi maisha mafupi. Kwa hivyo wekeni king'ora cha juu kwenye asilimia 105. Wapo wanaoshauri kuongeza nguvu kimyakimya ili wafike mbali. Sisi hatukubaliani nao, kwa sababu matangazo yatakayovurugika ni ya jirani, na jirani huyo anaweza kuwa kituo cha kikundi kama chenu.

Sasa tatizo la king'ora cha kupiga kelele ovyo. Mbwa anayebweka kila kuku akipita, usiku wa mwizi hakuna atakayeamka. Stima ikiyumba kwa sekunde mbili, namba zinashuka na kurudi. King'ora kikilia kila mara, kabla ya mwezi kuisha mlinzi atakikata waya ili alale, na hatumlaumu. Dawa ni mbili. Kwanza, kiambieni kingoje. Nguvu ikikaa chini kwa sekunde 30 mfululizo ndipo kilie. Kwa ile nguvu inayorudi msingoje muda huo wote, sekunde chache zinatosha, kwani huko mtambo unaumia. Pili, kiwango cha kunyamaza kisiwe sawa na kiwango cha kulia. Kama kinalia chini ya wati 160, kisinyamaze mpaka zipande juu ya 170. Bila hivyo, mtambo ukicheza kati ya 159 na 161, mtapata ujumbe 50 kabla ya asubuhi, na kila ujumbe ni pesa.

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo tungetaka mlipigie mstari. King'ora kinachotumia stima ileile ya mtambo kitakufa pamoja na mtambo. Kipeni betri yake, hata ya volti 12 ya kawaida inayochajiwa na sola ndogo. Betri hiyo ikiwa imejaa na imepumzika husoma volti 12.6 hivi, na ikisoma 12.0 imeshuka chini ya nusu, kwa hivyo nayo iangaliwe. Tena, mwambieni fundi aunge ile rilei kwa namna kwamba siku njema ndiyo inavutwa, na tatizo likitokea inaachia. Wengi huunga kinyume. Ikiungwa jinsi tunavyosema, waya ukikatwa, au betri ikiisha, au kifaa kikiungua, rilei inaachia yenyewe na mnapata habari. Ikiungwa kinyume, waya ukikatwa king'ora kinanyamaza, na nyinyi mtaona ukimya mkidhani ni afya.

Vivyo hivyo kwa ujumbe wa simu. Radi inayopiga mtambo wenu inaweza kupiga pia mnara wa simu ulio kilima hichohicho, na ule ujumbe hautafika. Kwa hivyo kisanduku kipangwe kutuma ujumbe mmoja kila siku saa kumi na mbili asubuhi: "Nguvu wati 198, inayorudi 3, betri sawa." Siku ambayo ujumbe huo haukufika, hata kama hakuna onyo, mtu apande kilimani. Laini ya kisanduku iwe na pesa wakati wote. Mwekeni mweka hazina kuwa ndiye anayeitia pesa, na iandikwe kwenye daftari kama matumizi mengine, kwani tumesikia vifaa vya bei kubwa vikinyamaza kwa kukosa shilingi 20.

Ujumbe uende kwa nani? Si kwa fundi peke yake. Fundi anaweza kuwa harusini Mwingi au ameenda Mombasa. Tunapendekeza watu watatu: fundi, mlinzi au mtu anayekaa karibu na mlingoti, na mwanakamati mmoja ambaye simu yake haizimwi. Mwanakamati hatarekebisha kitu, kazi yake ni kuhakikisha mmoja wa wale wawili ameshajibu.

Kipimeni kila mwezi. Fundi anapunguza nguvu polepole saa ambayo hakuna kipindi muhimu, huku mwingine akiangalia mita na kuandika: king'ora kimelia kwenye wati ngapi, baada ya sekunde ngapi, simu imepata ujumbe baada ya dakika ngapi. Kwa nguvu inayorudi, msijaribu kamwe kung'oa waya wa antena ili kuona kama kitalia. Mtambo unaweza kuungua kabla hamjamaliza kucheka, na anayeshika waya ule anaweza kuungua vidole vibaya. Njia salama ni kushusha kiwango cha king'ora kwa muda, kutoka wati 8 hadi wati 1, kuona kinalia, halafu kukirudisha. Na mwandike kwamba mmekirudisha.

Usalama wenyewe hauna mjadala. Hakuna kupanda mlingoti mtambo ukiwa umewashwa, hata kama ni kutoa kiota cha ndege. Hakuna kufungua kifuniko cha mtambo kwa sababu ya kuona kuna nini. Baadhi ya vifaa vya ndani huweka umeme hata baada ya kuzimwa. Wakati wa radi mlinzi asishike kitu chochote kilichoungwa kwenye mlingoti. Mwethya wa kikundi unaweza kufyeka nyasi kuzunguka kibanda, kujenga uzio, kuchimba mtaro wa waya wa ardhini na kupanguza vumbi nje ya kibanda, na hizo ni kazi zinazopunguza ving'ora kuliko kifaa chochote. Zaidi ya hapo aachiwe fundi.

Kuna kitu kimoja ambacho king'ora cha nguvu hakiwezi kusikia. Mtambo unaweza kuwa unatoa wati zote 200 na hakuna sauti ndani yake, kwa sababu kiungo cha studio na kilima kimekatika au mtangazaji amelala na kaseti ya muziki imekwisha (siku hizi ni kompyuta, lakini usingizi ni uleule). Mita itasema kila kitu ni sawa. Kwa hilo kunatakiwa kifaa kingine, kinachosikiliza ukimya: redio ya kawaida imewekwa mbali na kituo, na sauti ikikosekana kwa dakika moja inapiga king'ora. Msikilizaji naye anaweza kuwasaidia hapa bila kifaa chochote. Akiwa na redio ya kawaida ya kugeuza kwa mkono na akasikia shshsh mahali penu pa siku zote, nguvu haifiki kwake. Akikuta pametulia kabisa, hakuna shshsh wala maneno, mtambo uko hewani lakini studio haimfikii. Redio za simu mara nyingi hunyamazisha ile kelele zenyewe, kwa hivyo mwulize kwanza anatumia redio gani.

Kwa sababu hiyo tungeomba kila kituo kichague vikundi vinne au vitano vilivyo pembezoni, kimoja kila upande, na kuvipa kazi ya kusikiliza. Mtu mmoja katika kila kikundi, redio moja, mahali pamoja kila siku, saa moja jioni wakati wa habari. Anaandika alama: vizuri, kwa kelele, au hakuna. Jumamosi anatuma. Fundi akiweka alama hizo kando ya namba za mita kwa miezi mitatu, ataona kwamba kikundi fulani hupoteza sauti mtambo ukishuka chini ya wati 140, tuseme, wakati mji hausikii tofauti mpaka 30. Hapo mtaweza kubadilisha kile kiwango cha onyo tulichowapa kwa mfano wa wati 160, na kuweka kile kinachofaa milima yenu wenyewe.